Mama Mkwe Kwenye Kipilefti cha Nakuru

Nilitoka Bahati kwenda Nakuru kutafuta leseni ya udereva. Mwenye shamba nilikofanya kazi alikuwa ameshasema kwamba nikianguka mtihani mara ya pili, narudi kwenye jembe. Mara ya kwanza niliponzwa na kipilefti, lile duara la nyasi kwenye makutano ya barabara. Pale hapakuwa na taa wala askari. Niliingia kama fahali, lori likatokea kulia, mtahini akanifukuza palepale.

Alfajiri, njiani, Mzee Wekesa, dereva wetu wa lori la pareto, alinifunza tena.

"Wa kulia mpishe, basi."

"Nikipisha kila mtu, mzee, nitafika lini?"

"Utafika. Wenye haraka ndio hawafiki."

Nakuru, saa nne, mtahini aliketi kando yangu ndani ya lori letu, Mzungu mwenye masharubu mekundu. Tulipokaribia kipilefti, kulia kwangu ukatokea mkokoteni wa punda uliojaa kabichi, na juu ya kabichi ameketi mama mkwe wangu! Kwetu, mwanamume hakatizi mbele ya mama mkwe, wala hawasemezani ana kwa ana. Nilikanyaga breki, nikaficha uso kwa kofia. Naye akajifunika leso, akamwamuru mwenye punda asimame ili mimi nipite.

Tukakwama. Nyuma yetu honi zikalia.

"Wewe nangoja nini?" Mzungu akauliza.

"Wa kulia, bwana."

Nikampigia kelele mwenye punda: "Ndugu! Mwambie mama apite!"

"Anasema mkwe wake atangulie!"

"Mwambie siwezi! Afadhali nirudi kwenye jembe!"

Nilisema kweli, ingawa moyo uliniuma kuliaga lori. Aliyetuamua ni punda. Alichoshwa na adabu zetu, akavuta kwa nguvu, kabichi mbili zikadondoka, njia ikawa wazi.

Mzungu alipangusa masharubu. "Mimi hapana ona dereva nangoja namna hii. Mzuri sana." Akanipa leseni.

Jioni, kurudi Bahati, Mzee Wekesa aliniachia usukani, nami nilifurahi hadi nikaimba. Tangu siku hiyo, chochote kinachotoka kulia kwangu, hata baiskeli, ni mama mkwe.

Jumapili mke wangu alirudi kutoka kwao na kabichi mbili zilizopondeka.

"Mama amesikia umefaulu," akasema. "Anauliza, punda naye leseni yake iko wapi?"