Mbuzi wa Siku ya Umoja

Jumamosi nilimpelekea binti yangu ndizi kwenye chuo cha Wakatoliki anakosoma, huku nikiangalia mawingu maana nilitaka kurudi nyumbani kabla ya mvua. Nikakuta ni siku ya kuombea umoja. Wakristo na Waislamu walikwisha kusali pamoja ukumbini, sasa wanasubiri kula. Lakini mbuzi alikuwa bado yuko nyuma ya jiko anatafuna majani ya migomba. Mchinjaji, mzee Mwislamu wa Msasani, hajafika na simu hapokei.

"Mlinzi achinje, Sista," mpishi akasema. "Saa saba hii!"

"Mlinzi si Mwislamu, wenzetu Waislamu hawatakula." Sista akamgeukia mwanafunzi mwenye baraghashia, akamnyooshea kisu. "Mwanangu, tusaidie."

Kijana akaficha mikono mgongoni. "Sista, mimi nasoma uhasibu. Hata kuku sijawahi."

Msichana aliyevaa hijabu akasema taratibu, "Mlinzi achinje tu. Sisi tutakula maharage, tumezoea."

Sista akaviringisha kisu ndani ya aproni yake. "Basi leo maharage, wote."

Miguno ikaanza hapo hapo. Naambiwa kwenye sala ya umoja hakuna aliyeguna hata mmoja. Binti yangu naye akanuna: "Mama, huyu mbuzi tumemsubiri wiki nzima!"

Nikamsogezea sahani ya maharage. "Kula. Kuomba mmeshaomba, kazi yenyewe ndiyo hii."