Hedifoni za Kuvaliwa na Miwani

Mimi ni mama mzima. Nina cherehani mbili Mkuza, Kibaha, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, navaa miwani, na nacheza gemu. Nimeanza na hilo ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, tuendelee.

Kina mama wenzangu wa kwaya walipogundua, waliniweka kati pale nje ya kanisa. Mama mzima na heshima zako, unapiga bunduki za kwenye simu? Nikawajibu ndiyo, na nalenga vizuri. Mmoja akasema atanipeleka kwa mchungaji. Nikamwambia nipeleke, labda naye anatafuta timu. Alinuna wiki mbili nzima. Shauri yake.

Lakini mimi sikuingia kwenye gemu kwa sababu ya bunduki. Niliingia kwa sababu ya mdogo wangu.

Tumezaliwa wawili tu, Kisarawe, kwenye nyumba ya baba yenye mikorosho nyuma na mlango wa chuma mbele. Bawaba za mlango ule zililegea tangu tukiwa wadogo, kwa hiyo ukiusukuma unasaga saruji ya chini mpaka meno yanakufa ganzi. Baba hakuwahi kuutia mafuta wala kumwita fundi. Alikuwa akikaa sebuleni na redio yake, na bila kugeuza shingo alijua nani kaingia. Mimi nilikuwa nausukuma mara moja, kwa nguvu, kwa sababu sijawahi kuwa na subira. Mdogo wangu alikuwa anausukuma kwa vituo, krr, anasimama, krr, anasimama tena, krr, akidhani hasikiki. Alichapwa sana kwa ajili ya mlango ule.

Baba alipofariki, siku ya kuanua matanga mdogo wangu alisimama akasema nyumba na shamba viuzwe, tugawane, kila mtu ashike lake. Mimi nikasema labda auze na mimi nikiwemo ndani. Nikamwita mroho mbele ya wajomba na mashangazi. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika hapa, maana nayaonea aibu. Yeye akanijibu neno moja tu: "Sitatia mguu tena kwenye nyumba ile. Ioze, ubaki na mlango wako." Akaenda kupanga chumba mjini Kisarawe. Mwaka mzima na ushee hatukupigiana simu. Kutoka Kibaha mpaka Kisarawe si mbali hata kidogo, lakini ukiwa na hasira ni mbali kuliko Bukoba.

Binti yangu ndiye aliyetuchezea. Aliniwekea gemu kwenye simu nilipokuwa nimelazwa na malaria, akaniingiza kwenye timu yake ya watu wanne, asiniambie wanne wenyewe ni nani. Nikasikia sauti ya mwanamume inasema, "Wewe mgeni, nifunike nyuma, naingia." Ningeijua ile sauti hata kaburini. Nikakohoa. Akasema polepole, "Dada?" Nikasema, "Nipo. Ingia, nakufunika."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada na chakula, tulicheza. Hatukuongea habari za shamba, wala za baba. Tuliongea risasi, maji ya kunywa, na nani kajificha nyuma ya gari. Ilinitosha. Mtu akikuambia "dada, geuka kulia" baada ya mwaka wa kimya, unageuka kulia hata kama kulia kuna ukuta.

Sasa njoo kwenye hedifoni.

Bila hedifoni sikuweza kucheza. Jirani yangu wa kushoto ni fundi wa kuchomelea mageti, na hana Jumapili. Zaidi ya hapo sikutaka mtaa mzima usikie mdogo wangu akiniita. Nikanunua hedifoni kwa mmachinga aliyepita na zake mkononi, zinawaka taa nyekundu, kijani na buluu. Alisema hizi ndizo za gemu haswa, mama, ona taa. Nami, fundi mzima ninayewacheka wateja wanaonunua kitambaa kwa kung'aa kwake, nikanunua taa.

Loo! Zilinibana kichwa kana kwamba zinanidai. Mikono ya miwani yangu ilikandamizwa nyuma ya masikio mpaka ikaacha alama. Ile ngozi ya bandia ilinitoa jasho, na joto la Kibaha mnalijua. Sauti ya mdogo wangu ilikuja kama anaongea ndani ya debe, na muziki wote ulikuwa besi tu, dum dum dum, waimbaji wamezikwa chini. Nikivua miwani sioni adui. Nikivaa miwani, dakika ishirini kichwa kinapasuka.

Jumapili moja maumivu yakanishinda. Nikazivua, nikaziweka mezani, nikawa najisugua masikio na kutukana. Nilipozirudisha, timu ilikuwa imebaki watu watatu. Binti yangu akaniambia kuwa mdogo wangu alikuwa ameniita mara nne. Alikuwa ameanza kusema kitu. Alisema, "Dada, nilitaka nikuambie jambo," mimi kimya. Akaita tena, mimi kimya. Akasema, "Haya, nimeelewa," akatoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Nilimwandikia ujumbe kwamba masikio yaliniuma, akanijibu "sawa". Yeyote mwenye ndugu anajua "sawa" ya namna ile. Nikajua nikikosa hedifoni ninazoweza kukaa nazo saa mbili bila kuzivua, nimemkosa mdogo wangu, na safari hii kwa ujinga wa taa.

Nikatenga hela ya kushona sare tatu za shule, hiyo tu, sikuwa na nyingine. Nikachukua futi yangu ya utepe, nikajipima kichwa kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, nikapima na upana wa sikio lenyewe, nikaandika kwenye karatasi kama ninavyomwandikia mteja. Nikaenda madukani Maili Moja.

Mwenye duka alikuwa baba wa rika langu, kitambi chake kimepumzika juu ya kabati la vioo. Nyuma yake palikuwa na maandishi makubwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia nataka hedifoni, ziwe na maiki, ziwe na waya.

"Mama, za waya zimepitwa. Chukua hizi hazina waya, unatembea nazo mpaka jikoni."

"Jikoni sipigi risasi. Zisizo na waya sauti inachelewa, nikisikia hatua za adui nimeshakufa."

Akanitazama upya. Akatoa boksi tano. Nikatoa futi. Mbili nikazikataa kwa kipimo tu, vikombe vyake vidogo, vinakalia sikio badala ya kulifunika. Ya tatu nzito, ukiinama inakuvuta shingo. Zikabaki mbili. Nikamwomba nizijaribu.

"Jaribu, mama." Akaniwekea wimbo wake wa kujaribia, besi tupu, duka likatetemeka. Akatabasamu.

Nikazivua. "Hapana, kaka. Hiyo hata debe linapiga. Nipe nichomeke kwenye simu yangu."

Kwenye simu nina mazoezi ya kwaya yetu niliyoyarekodi mwenyewe. Kuna mama wa sauti ya pili, anasimama kushoto kwangu, kila tukikaribia ubeti wa tatu anakohoa kikohozi kidogo, cha adabu, amekiziba kwa leso. Nilijiambia, hedifoni itakayonisikilizisha kikohozi kile, hiyo ni yangu. Ya kwanza nikasikia besi na soprano, kikohozi hakuna. Ya pili, nyeusi tii, haina taa wala urembo, bei nafuu kuliko mwenzake, nikasikia "ehe" yake, safi kabisa, na leso nikaisikia.

Nikaketi kwenye stuli. Nikabaki nazo kichwani, na miwani yangu.

Baada ya robo saa mwenye duka akasema, "Mama, vipi? Hapa si saluni."

"Nusu saa," nikasema. "Mimi mteja wangu simtoi na gauni bila kulivaa, akae, ainame, anyanyue mikono. Wewe umeandika ukutani hairudishwi. Basi na mimi siendi nazo mpaka kichwa changu kikubali."

"Utanifukuzia wateja!"

"Thubutu! Nawaletea mfano."

Wateja wawili walisimama kunitazama, na mmoja akaomba stuli kwa ajili yake. Mwenye duka akashika kichwa. Mwishowe udadisi ukamshinda, akataka kujua nasikiliza nini. Nikampa asikilize. Akafunga macho, ubeti wa tatu ukafika, akacheka mpaka kitambi kikaruka. "Mama huyu anaumwa, mpelekeni hospitali!" Akanipunguzia bei bila kuombwa.

Zilikuwa bado zinabana kidogo kwenye mikono ya miwani. Hilo sikumwambia, maana hilo ni la kwangu, ndiyo kazi yangu. Nyumbani nilivua ile ngozi ya bandia, nikachora umbo lake kwenye karatasi ngumu, nikakata sponji ninayowekea mabega ya suti. Pale mikono ya miwani inapopita nikachonga mfereji mdogo, ili miwani ilale ndani yake isikandamizwe. Juu nikashonea khanga ya marehemu mama, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, nikaizungushia mpira wa kiuno ishike. Binti yangu aliponiona kwenye simu ya video alisema nafanana na mto wa kochi. Nikamwambia mto wa kochi hauumwi kichwa.

Jumamosi nikamwandikia mdogo wangu: "Nina masikio mapya. Kesho saa tisa. Usipokuja nakuja mwenyewe." Hakujibu.

Kesho yake saa tisa na dakika tano akaingia. Hakusalimu. Alisema tu, "Dada, nifunike."

Jamani, ile sauti! Nilikuwa nimesahau kuwa ana mkwaruzo kama wa baba. Nilimsikia akivuta pumzi. Tulicheza saa nzima, na sikugusa masikio hata mara moja. Nikamuuliza yuko wapi, mbona nasikia kuku. Akasema yuko chumbani kwake, mjini, kuku ni wa mwenye nyumba. Haya.

Tulikuwa tumejificha ghalani, maadui wako nje, sote kimya. Hapo ndipo nikamsikia akiinuka kuwafungia kuku nje. Krr. Kimya. Krr. Kimya. Krr.

Adui akaingia akanipiga nikiwa nimesimama wima kama mgomba.

"Dada! Umekufa! Umelala?"

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na yote makali. Mwongo wewe. Si ulisema hutatia mguu? Si ulisema ioze? Mwaka mzima umeniacha nikidhani ile nyumba inaliwa na mchwa, kumbe uko ndani yake unafuga kuku! Yalifika mpaka kwenye meno. Halafu nikakumbuka lile jambo alilotaka kuniambia wakati mimi najisugua masikio.

Nikasema, "Mlango huo unataka mafuta."

Nilisikia pumzi yake, nikasikia kuku.

"Nimehamia tangu mwezi wa tatu," akasema. "Nilitaka nikuambie. Nikadhani hutaki kusikia."

"Bado unataka kuuza?"

"Mtu anauza alipolala?"

"Basi Jumamosi nakuja na chupa ya mafuta ya cherehani."

"Njoo, lakini mafuta acha huko huko." Sauti ikamkatika kidogo, na hedifoni zangu hazikuficha kitu. "Baba hakuutia."

Niliiziba maiki kwa kiganja, maana nilikuwa nalia, nayo maiki yangu ni nzuri. Nikamwambia tu kuwa anasikika kama yuko ndani ya pipa, hizo hedifoni zake ni takataka, nitampima kichwa nimtengenezee zake.

Jumamosi nikafika Kisarawe na futi yangu, sponji, na kipande kilichobaki cha khanga ya mama. Mikorosho imepaliwa. Uani kumefagiwa. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba safari hii nitausukuma mlango taratibu, kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Nilipoushika, mkono ukakataa. Nikausukuma mara moja, kwa nguvu, ukasaga saruji mpaka meno yakafa ganzi.

Kutoka sebuleni, bila kuuliza ni nani, mdogo wangu akapaza sauti: "Dada, utauvunja!"