Kumpima Baba Mkwe kwa Kivuli

Mwaka mzima na nusu niliishi ua mmoja na baba mkwe wangu bila kumwona uso. Nilimjua kwa vitu vitatu: miguu yake, kikohozi chake na kivuli chake. Miguu ilikuwa mikubwa, yenye nyufa, na kidole gumba cha kulia kilitazama pembeni kana kwamba kimegombana na wenzake. Kikohozi kilikuwa kinene, cha mtu wa kifua kipana. Kivuli nitakisimulia, maana ndicho kilichoniponza.

Hiyo ilikuwa Songea ya wakati wa Wajerumani, na huo ndio uliokuwa utaratibu wa Kingoni katika nyumba niliyoolewa. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakatizi mbele yake. Akikutana naye njiani anaingia porini, anachuchumaa, anajifunika nguo usoni mpaka miguu ipite. Mimi ni Myao wa upande wa Tunduru, na kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe zake akapate taabu. Mimi nilifanya kinyume, na taabu nikaipata mwenyewe. Nimechuchumaa kwenye upupu, nimechuchumaa juu ya siafu, na siku moja nilichuchumaa muda mrefu sana nikingoja miguu fulani ipite, kumbe ni ya muuza chumvi, naye alikuwa amesimama pale anashangaa nimepatwa na nini.

Mwiko huu ulikuwa na mwisho wake. Siku baba mkwe akiridhika anachinja mbuzi, anamwita mkamwana na kusema naye, na siku hiyo hiyo mkamwana anapewa mafiga yake. Kabla ya hapo unapika kwenye moto wa mama mkwe, na chumvi inatiwa kwa mkono wa mama mkwe, na ukionja unaulizwa kama kwenu mnaonja. Niliyataka mafiga yale kuliko kitu chochote duniani. Walioolewa baada yangu walishayapata na walikuwa wakinialika kwenda kuyaona.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyerudi nyumbani baada ya mumewe kuuawa vitani, alikuwa na maelezo yake. "Wewe umeolewa kwa jembe moja," alikuwa akiniambia tukitwanga. "Baba ataanzaje kulichinjia jembe mbuzi?"

Habari ya jembe ni kweli. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla ya hapo. Ng'ombe walichukuliwa, maghala yakachomwa moto, na njaa iliyofuata ilimchukua baba yangu mzazi, fundi wa kofia na kanzu, akaniachia sindano moja na kofia yake nyekundu ya tarbushi. Mume wangu alifika kwetu akiwa mpagazi wa mizigo ya Wajerumani. Alikuwa na jembe moja, akalitoa. Sijawahi kumlaumu, lakini wifi hakuacha kunikumbusha.

Wazo la koti lilitoka kwa baba mkwe mwenyewe bila yeye kujua. Baada ya vita alijificha miezi mingi milimani Matogoro, akarudi na kile kikohozi pamoja na chuki dhidi ya maji. Yeye na wenzake waliahidiwa kwamba dawa ya maji ingezifanya risasi za Wajerumani zisiwadhuru, na haikuwa hivyo. Tangu siku hizo hakunywa tena maji matupu. Alisema yalishamdanganya mara moja, hayatampata mara ya pili, akawa anakunywa togwa. Nguo zake za ngozi ziliteketea pamoja na nyumba, hivyo asubuhi za baridi alikaa juani akitetemeka. Siku moja nilimsikia ng'ambo ya ua akimwambia mama mkwe kwamba mkubwa wa boma la Wajerumani ana koti linalofika vifundo vya miguu, na kwamba mtu mwenye koti la namna ile hata akishindwa vita hasikii baridi.

Nikapiga moyo konde. Kama yeye hana haja ya kunichinjia mbuzi, mimi nitamshonea koti, na tuone nani atakayekaa kimya.

Kitambaa cha koti zima hakikuwepo Songea, au kama kilikuwepo kilikuwa mwilini mwa watu wengine. Nilikusanya viraka. Mama mkwe alinipa merikani iliyochakaa. Mume wangu alileta kipande cha turubai la hema lililotupwa bomani. Nilipata kaniki, gunia la chumvi, na mguu mmoja wa suruali ya kaki ambao hadi leo sijui mwenyewe aliupotezaje. Nilipanga matabaka mawili, katikati nikajaza matambara, kisha nikapitisha uzi mistari kwa mistari ili matambara yasiteremke yote chini. Uzi niliufumua kwenye gunia. Kipande cha mwisho kilikuwa kofia ya baba yangu. Niliikata, nikaifungua, nikaishona ubavuni, chini kidogo ya kwapa la kushoto, mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza.

Sindano ilipotea mara moja. Siku nzima familia ile ilikula imesimama, ikaongea imesimama, na wifi alisema hajapata kuona nyumba inayotawaliwa na chuma kidogo namna ile. Jioni mama mkwe alichoka, akakaa. Sindano ikapatikana.

Tatizo kubwa lilikuwa kipimo. Unamshoneaje koti mtu usiyeruhusiwa kumtazama? Nilimwomba mume wangu amkumbatie baba yake ili tujue unene wa kifua. Akakataa katakata. Alisema mwanamume mzima akimkumbatia baba yake, majirani watakuja na majembe kuuliza kaburi linachimbwa wapi. Nikamuuliza mama mkwe. Alitanua mikono kuzunguka kihenge cha mahindi, vidole vikashindwa kukutana upande wa pili, akasema, "Hivi, na zaidi kidogo." Wifi naye akasema baba yake hupita mlangoni kwa ubavu.

Nilijua watu hutia chumvi wakiwasifia wazee wao, kwa hiyo nikaamua kujipimia mwenyewe. Jua likichomoza baba mkwe alikuwa na kawaida ya kusimama uani kujinyoosha, na kivuli chake kilianguka mpaka karibu na kinu changu. Niliinama kama ninayeokota pumba, nikalaza kamba kutoka kisigino hadi kichwa, nikafunga fundo. Msinidhanie mjinga, nilijua kwamba kivuli cha asubuhi ni kirefu. Mpango wangu ulikuwa kupima kivuli changu pia, nione kinanizidi mara ngapi, halafu nimpunguzie yeye kwa kiasi hicho hicho. Hesabu hiyo ni safi kabisa. Kasoro ni kwamba chake nilikipima jua likichomoza, na changu nikakipima baada ya kumaliza kutwanga.

Kwa hesabu yangu, baba mkwe alinizidi kwa kichwa, shingo na mabega. Nikaitazama tena ile miguu yake mikubwa, nikakumbuka kikohozi, nikaona kila kitu kinakubaliana. Nikashona.

Kazi ilinichukua kuanzia palizi hadi mavuno. Kwa kuwa sikuweza kumkabidhi mkononi, nililitundika koti kwenye mti wa lango la zizi, zizi lililokuwa tupu tangu vita, nikajificha nyuma ya jiko. Asubuhi kulikuwa na upepo. Mama mkwe alitoka nje, na macho yake ya asubuhi hayakuwa mazuri. Akaliona limesimama pale, limejaa upepo, limetanua mikono. Akaliamkia kwa heshima zote, na lilipokosa kuitika akaenda kumwambia mumewe kwamba kuna mgeni mkubwa ametoka bomani.

Baba mkwe akatoka. Nilisikia miguu, nikasikia kikohozi, halafu matambara yakichakacha. Baada ya hapo nikamsikia wifi akicheka kicheko cha kugaragara chini, na mume wangu akijitahidi asicheke, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikasahau mwiko. Nikachungulia.

Kwanza sikumwona mtu. Niliona koti limesimama, pindo limelala chini, mikono imening'inia hadi magotini. Kisha juu, ndani ya shingo pana, kikatokea kichwa kidogo cha mzee mwenye ndevu chache nyeupe. Alikuwa mfupi kuliko mimi. Mabega yake yalikuwa mifupa mitupu. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyenidanganya. Mama mkwe, wifi, mume wangu, wote walinipa kipimo cha mtu waliyemjua kabla ya vita. Njaa ilimpunguza kila kitu isipokuwa miguu, na wao waliokuwa wakimtazama kila siku hawakuwa wameona.

Wifi alishaleta kisu. "Tulikate hapa na hapa, Baba. Hili ni la watu wawili."

"Lisiguswe," sauti ikasema kutoka ndani ya shingo ya koti. "Nitalijaza."

Halafu akageuka upande wa jiko, ambako uso wangu ulikuwa umebaki nje kama wa kuku. Nilikuwa nimechelewa kujifunika.

"Mkamwana," akasema, "mwaka na nusu nimekuwa nikitafuta mbuzi wa kukufungulia mdomo. Sikupata. Nikaona haya kukuita mikono mitupu. Sasa umenitangulia. Njoo hapa uniambie nimevaa nini."

Nikaenda. Yule niliyeamini hanitaki kwa sababu ya jembe, kumbe alikuwa akinikwepa kwa aibu, kama nilivyokuwa nikimkwepa yeye porini. Nilimwonyesha kiraka kimoja kimoja, hili turubai la boma, hii merikani ya mama, hili gunia. Alipouliza kuhusu chekundu cha ubavuni, nikamwambia ni kofia ya baba yangu. Alikigusa kwa kidole, akakirudisha kidole ndani ya mkono wa koti.

Kesho yake alfajiri aliniletea mafiga. Aliyachagua mwenyewe mtoni, akakataa kusaidiwa, akaja amekumbatia jiwe la kwanza, akakanyaga pindo la koti lake na kuanguka kifudifudi mlangoni kwangu. Jiwe likabingirika likasimama karibu kabisa na pale nilipotaka liwe. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Naye alicheka, ndani ya koti, na ilichukua muda kumtafutia njia ya kutoka.

Tangu hapo, kila baada ya mavuno aliniita nimpime. Sasa niliruhusiwa. Alinyanyua mikono, nami nikalishika koti ubavuni na kuhesabu vidole vya nguo iliyobaki bila mwili. Mara ya kwanza vilikuwa vinane. Mwaka uliofuata mahindi yalikuwa mengi, alikula vizuri, akaja amevimbisha kifua. Nikapima. Vinane. Nilimwambia kweli, na uso ukamshuka hata nikajuta kuwa na vidole.

Kwa hiyo nilianza uongo. Kila nilipolifua koti, niliukaza mshono wa ubavuni kwa upana wa kidole kimoja, kulia na kushoto, nikafuta alama za uzi wa zamani kwa kucha. Mavuno yaliyofuata, vidole saba. "Umeona?" akamwambia wifi. Baadaye sita. Alianza kutembea taratibu kama mtu mnene, na akilazimika kupita mlangoni alipita kwa ubavu. Wifi aliniangalia, mimi nikaangalia sufuria. Kwa kweli alikuwa akizidi kukonda, na mimi nilikuwa nikikimbizana na mwili wake kwa sindano.

Vidole vilipofika viwili nilikuwa na mtoto mgongoni, na kikohozi cha mzee kilikuwa kimeshuka chini kifuani. Aliniita juani, akanyanyua mikono. Nikapima.

"Viwili tu, Baba. Mwakani litakuwa limejaa."

Hakushusha mikono. Aliushika mkono wangu, akauweka chini ya kwapa lake la kushoto.

"Hapa palikuwa na kofia ya baba yako," akasema. "Ilikuwa inaenea kiganja. Sasa imebaki ukucha."

Mtoto alikuwa akinivuta nywele na sikumzuia.

"Nimekonda, mwanangu. Najua. Mshipi wangu huniambia kila siku. Uongo wako nimeupenda, ndiyo maana nilikaa kimya. Lakini ukikaza tena, baba yako ataingia gizani. Fumua, naye apate jua."

Alilivua koti akabaki anatetemeka, na mimi nikaketi pale pale miguuni pake, nikafumua mishono ya miaka yote ile, nikilia bila kuficha. Koti likarudi kuwa kubwa, likamfunika mpaka chini. Asubuhi zote alizobakiwa nazo alikaa juani ndani yake, mkono wa kushoto ameuinua kidogo kama mtu mwenye jipu kwapani, ili kile chekundu kionekane.