Mishale ya Sura ya Saba

Pale maktaba ya chuo wanamwita Mama Skana. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akigeuza vitabu vya karatasi kuwa mafaili ya kompyuta. Hulaza kurasa mbili mbili juu ya kioo, huzinyoosha, kisha hufuta kila doa kwenye skrini. Kazi yake ni safi, na mwenyewe analijua hilo.

Jumatatu alimtumia shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwongozo wa mawasiliano ya dharura. Shemeji ni mpokea simu wa hospitali. Haoni tangu utotoni, na simu yake humsomea kwa sauti. Ijumaa angefanya mtihani wa kupanda cheo.

Jumanne shemeji alifika maktabani.

"Shemeji, umenitumia kitabu au albamu ya harusi?"

"Kuna nini tena?"

Shemeji akabonyeza simu, nayo ikasoma: "Picha. Ukurasa wa kwanza. Picha."

"Mbona maandishi yanaonekana vizuri kabisa!"

"Kwa mwenye macho."

PDF ile ilikuwa picha tupu za kurasa. Mama Skana akaipitisha kwenye programu ya kutambua herufi. Simu ikaanza kusoma, lakini kwa kuwa kurasa zilikaa ubavu kwa ubavu, ilichukua mstari wa kushoto unaohusu moto, ikarukia wa kulia unaohusu likizo. Shemeji alicheka hadi akashika meza.

"Kwa hiyo moto ukizuka, nijaze fomu ya likizo?"

Mama Skana hakucheka. Jumatano nzima alitenganisha kurasa, akapanga maandishi upya katika EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, akaweka alama kwenye kila kichwa cha habari ili shemeji aweze kuruka moja kwa moja hadi sura aitakayo. Kwenye sura ya saba palikuwa na mchoro. Akaandika maelezo ya kusomwa na simu: "Visanduku sita na mishale."

Alhamisi asubuhi shemeji akapiga. "Mishale inakwenda wapi?"

Mama Skana alikuwa amefuta doa kwenye mchoro ule, ila hakuwahi kuusoma. Akausoma sasa, kisanduku kwa kisanduku: nani apigiwe kwanza, nani afuate. Akaandika yote, akatuma.

Ijumaa mchana simu ikaita.

"Umefaulu?"

"Matokeo bado, shemeji. Ila swali la tatu lilikuwa mishale yako. Nimeitaja yote."

"Haya, hongera."

Akakata simu, akafungua orodha ya vitabu alivyoskani tangu aanze kazi. Vilikuwa mia nne na kumi na viwili. Akafungua cha kwanza, akaanza kuhesabu michoro.