Dumu la Mbege Ndani ya Gari la Mbio

Mdogo wangu wa mwisho aliniambia kwamba gari lake likianza kutoka kusimama hufika mwendo wa kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde tatu. Nikamuuliza, hapa Machame hizo sekunde tatu atazipata wapi, maana kutoka tuta moja la barabarani hadi jingine mtu hamalizi hata kukohoa. Akacheka kile kicheko cha watu wa Dar, cha kumhurumia aliyebaki kijijini. Mimi ndiye dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni na kumfundisha kufunga kamba za viatu, kwa hiyo kicheko hicho sikukipenda hata kidogo.

Lilikuwa gari la njano, pana, limelala chini, lenye viti viwili tu. Alikuja nalo Desemba, wakati Wachagga wote wa mbali wanaporudi nyumbani, na nyumbani hakuweza kulifikisha. Njia ya kwetu ina mawe, na katikati unapita mfereji wa maji. Gari likaachwa dukani, kwenye lami, na mwenye gari akapanda kwa miguu na begi lake kichwani. Kesho yake mama alishuka na fimbo yake kwenda kulitazama. Alilizunguka mara moja, polepole, kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Linabeba majani ya ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Mtu akiugua, linafika mlangoni?"

"Halifiki. Ila linakimbia sana, mama."

Mama alifikiri kidogo. "Linakimbia likienda wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Lakini haki yake nimpe: mdogo wangu alikuwa na sababu ya kutaka mbio. Yeye ni mchelewaji, na kuchelewa kulikuwa kumekaribia kumkosesha mke. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumepeleka mbege ya posa, kile kinywaji chetu cha ndizi na ulezi, kwa wakwe, Mwika, upande wa pili wa mlima. Sisi ni Walutheri na mama ni mzee wa kanisa, lakini mbege ya posa kwetu haihesabiwi kuwa pombe. Ni barua, ila inanyweka. Barua ilifika asubuhi. Mchumba alifika kutoka Dar jioni, wazee wa watu wamekwisha kunywa na kuaga. Baba wa binti hakugomba. Alitupangia Jumamosi nyingine, ya Desemba, saa nne asubuhi, na akaweka sharti: safari hii mbege na mchumba vije pamoja. Mchumba akichelewa tena, asijisumbue kupiga hodi. Binti naye alimpigia simu mdogo wangu na kumwambia kwamba kumtetea amemtetea mara moja, na mara ya pili hatamtetea.

Basi Jumamosi hiyo mama alitoa madumu matatu. Mawili yalipanda pikapu ya mjomba, pamoja na wazee wetu. La tatu, kwa ajili ya lile sharti, likapangwa kwenda na mchumba mwenyewe. Na kwa kuwa kule mbele ya gari, mahali pa mizigo, pangetosha labda Biblia na kanga mbili, ikaamuliwa kwamba dumu litakaa kati ya magoti yangu.

Kuingia kulinitaka nitangulize kichwa, kama mtu anayeingia banda la kuku. Nilikuwa na gauni la kitenge na kilemba kipya. Mdogo wangu alinitandikia taulo, akaniwekea dumu, kisha nikamwona anakaza kifuniko kwa mikono miwili.

"Usikaze," nikamwambia. "Inahitaji kupumua."

"Dada, hivi viti ni ngozi."

"Hata ng'ombe wa mama ni ngozi, na analala kwenye matope."

Akakaza. Wala si kwamba hakujua. Mtoto gani wa mlimani asiyejua kwamba mbege iko hai, kwamba dumu lake huzibwa kwa jani la mgomba ili hewa itoke? Alijua, ila viti vilikuwa vimemwingia moyoni.

Tuliondoka saa mbili, sambamba na pikapu. Kwenye tuta la kwanza pikapu ikaruka, ikaenda zake. Sisi tulilivuka upandeupande, gurudumu moja baada ya jingine, kama bibi anayeshuka ngazi. Tuta la pili hivyo hivyo. Bodaboda iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi ilitupita, na dereva wake akatupa pole. Mbele yake palikuwa na kile kioo cha mwendo, namba zake zinaanzia sifuri mpaka huko zaidi ya mia tatu. Sisi tulitumia zile za mwanzo tu. Zilizobaki zilikaa kama vikombe vya kabatini, vinavyosubiri wageni wasiokuja.

Tulipoupita mji wa Moshi na kuiacha Kiboriloni nyuma, barabara ikanyooka na kuwa tupu. "Sasa dada," akasema. Nilianza Baba Yetu Uliye Mbinguni, na kabla sijafika kwenye mkate wa kila siku tulikuwa tumeipita pikapu ya mjomba, na trafiki wawili wenye sare nyeupe walikuwa wametoka kwenye kivuli na kutusimamisha. Nikajua tumekwisha. Kumbe hawakutaka kutuandikia kosa. Walitaka kupiga picha. Mmoja alikalia boneti, mwingine akaomba akae kwenye usukani, na mdogo wangu, badala ya kutazama saa, alikuwa anawaelekeza wasogee kwenye mwanga. Pikapu ikatupita. Mzee mmoja nyuma alituvulia kofia.

Tulipoondoka hapo tukaangukia nyuma ya lori la saruji linalopanda kwa shida. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kwa safari hii hata punda angetutosha. Akaniwahi yeye.

"Dada, siku ya baba, kama ningekuwa na hili gari, ningewahi."

Siku tuliyomzika baba, basi alilopanda mdogo wangu liliharibikia Same. Alikaa kando ya barabara na abiria wengine mpaka jua likageuka. Alipofika kwetu tulikuwa tumekwisha kufukia kaburi, na mashada yamewekwa. Hakuwahi kulizungumza. Muda wote huo nilidhani lile gari ni la kujionyesha. Niliona aibu, aibu kweli, nikalikumbatia dumu langu nikatazama migomba.

Ndipo nikahisi magotini kwamba dumu linavimba. Joto, matuta na zile mbio fupi vilikuwa vimefanya kazi yake. Nikasema simamisha gari. Akasema dada, tumebakiza tuta moja. Kwenye tuta hilo hilo, Mwika, kifuniko kiliruka, kikapiga paa kikanirudia begani, na mbege ikapanda. Ilipanda kwenye kioo, kwenye kilemba, kwenye shati lake jeupe, na kwenye ngozi yote ile ya thamani. Mbegu za ulezi zilinata kwenye usukani.

Alisimamisha gari mwisho wa lami. Kutoka hapo kwenda kwa wakwe ni njia ya udongo, mwinuko mkali, na ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Dumu lilibaki nusu. Mdogo wangu akatoa leso, akaanza kufuta kiti.

"Futa," nikamwambia. "Futa vizuri mpaka king'ae. Ukimaliza, uoe hicho kiti."

Aliniangalia, akaangalia saa. Akaitupa leso, akalitoa dumu na kulitia begani, akakimbia. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akienda kasi namna ile. Viatu vyake vya mjini viliteleza, mbege ikimchuruzika mgongoni, na mimi nyuma yake peku, viatu mkononi, napiga vigelegele peke yangu. Watu walitoka kwenye mashamba yao ya kahawa kututazama.

Baba wa binti alikuwa amesimama uani, wazee wetu na wa kwao wamekaa nyuma yake.

"Shikamoo, baba," mdogo wangu akasema, hana pumzi.

"Marahaba." Mzee aliliinua dumu, akalitikisa. "Imepungua."

Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, alifungua mdomo, na nilijua kwamba kinachokuja ni uongo. Mdogo wangu akamtangulia.

"Nilikaza kifuniko, baba. Nilihofia viti vya gari."

Mzee alisogea, akalinusa lile shati.

"Mimi nilisema mbege na mchumba vije pamoja," akasema. "Sikusema vije vimechanganywa."

Walicheka wote. Binti alikuwa mlangoni mwa jiko, anacheka na kufuta machozi kwa kanga. Kata ya kwanza ya mbege alipewa mdogo wangu, na hapo nikajua tumepata mke.

Jioni tulirudi polepole, vioo vimeshushwa kwa sababu ya harufu, kila bodaboda ikitupita. Tukaliacha gari dukani tukapanda kwa miguu. Chombo cha posa hakirudishwi kitupu, kwa hiyo dumu lilikuwa na mbege kidogo ya wakwe. Kaburi la baba liko kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Mdogo wangu alipita hapo, akamimina ile mbege chini. Mimi, Mlutheri, niligeuka nikatazama mlima.

"Baba," akasema, "leo nimewahi."

Nilikuwa na neno langu, nimeliandaa tangu Mwika, kwamba kilichowahi ni miguu na si gari. Nililimeza. Nikampokea dumu, tukaingia ndani kula.