Maziwa Juu ya Dagaa

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, nimekosea, ni 2017, maana 2016 yule ng'ombe mwekundu alikuwa bado mtamba. Ndiye aliyekauka maziwa, na Pascasie akafukuzwa kwa ajili yake.

Kwao Bazilio, mume wa Pascasie, huko Munanila, mla samaki hagusi maziwa; akigusa, ng'ombe hukauka. Pascasie alikula dagaa kwa mama yake, akarudi akanywa kikombe kimoja tu. Ng'ombe alipokauka, mumewe akapasua kibuyu cha maziwa langoni, majirani wakitazama.

"Peleka kinywa chako cha samaki kwenu!"

Hakulia. Alikwenda Kasulu akaanza kuuza dagaa wa Kigoma, na alipoambiwa achague kizimba, akachagua kilichotazamana na wauza maziwa. Wenzake wakamwona mjinga. Kila gulio Bazilio alileta galoni zake kwa pikipiki, na kila gulio Pascasie alipepeta dagaa, vumbi na harufu vimwendee yeye. Miaka saba alimpepetea.

Mwaka wa saba nesi Firdausi alikuja sokoni na mashine ya presha. Alipompima Bazilio akaguna.

"Mzee, dawa usikose hata siku moja. Na uwe unakula samaki. Hata hawa dagaa, ila uwaoshe chumvi itoke. Tumbo likiwasaga, protini yao hukatika vipande vidogo mno, wataalamu huviita peptidi. Huko maabara vingine vimeonekana kusaidia mishipa ya damu ilegee. Kwa watu bado wanachunguza, lakini samaki ni chakula chema."

Pascasie alilisikia kila neno, na kila neno lilikuwa asali.

Kaka yake Bazilio alikuwa amepooza upande mmoja kwa presha, kwa hiyo woga ukamsukuma Bazilio atafute dagaa. Gulio lililofuata alizunguka kwa wauza dagaa wote. Wote wakageuza nyuso, maana Pascasie alikwishasema nao wasimuuzie. Akaja kwake, kofia imefika kwenye nyusi.

"Nipimie kopo moja. Mfuko mweusi."

"Kwangu hakuna kufungiwa, mzee wangu. Unakula hapa hapa. Nimekupikia tangu alfajiri, bila chumvi."

Pasikali, jirani aliyeshuhudia kibuyu kikipasuka, akacheka hadi akashika mbavu. "Bazilio! Ng'ombe wanajua uko huku?"

Akala. Alikula na vichwa. Sahani ilipokwisha, Pascasie akafungua galoni moja ya Bazilio mwenyewe, akajaza kikombe.

"Shushia."

"Pascasie, nakuomba..."

"Kama samaki hukausha ng'ombe, mbona umekula? Kama hakaushi, kunywa, na Pasikali akaeleze Munanila nzima kwamba ulinionea."

Bazilio akanywa chote, maziwa yakabaki kwenye masharubu. Pascasie aliyatazama yale masharubu akashiba kuliko aliyekula.

Bazilio akaweka kikombe chini taratibu.

"Na wakikauka kesho," akauliza, "nitamfukuza nani?"

Pasikali aliacha kucheka. Pascasie akachukua ungo, akaendelea kupepeta.