Nilivyotaka kuiua PhD ya mtu kwa mifuko miwili ya urea

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sijasimuliwa, nimelitenda mwenyewe, na nitalisema lote hadi pale panaponiaibisha.

Mimi ni darasa la saba. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watu mpakani Tunduma. Leo nina Fuso mbili, ghala la nafaka pale Mpemba, na shamba Nanyala, usoni kabisa mwa barabara kuu. Mabasi yakipita, abiria wanageuza shingo. Sijisifu, natoa taarifa.

Enzi hizo bado tuko Mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Akaja dada mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu, tumwite Neema, yuko kwenye PhD. Anataka sehemu ya shamba ajaribu unga fulani wa kupaka mbegu, eti mahindi yastawi bila mbolea.

Nikampa bure. Mtu mwenye heshima zake hamkodishii msomi.

Akagawa vipande ishirini. Nusu mbegu zenye unga, nusu kavu, akavichanganya huku na huku. Mbolea marufuku kote. Akarudi chuoni kufundisha.

Wakuu, wiki ya sita mahindi yote njano, membamba.

Jirani yangu Baba Tumaini, Mnyiha mkulima wa kahawa, akitoka kanisani na wenzake akasimama pale. "Bwana Fuso, siku hizi unalima vitunguu?"

Huku kwetu shamba la barabarani ndiyo cheti chako. Nikaita vibarua, mifuko miwili ya mbolea ya urea, tukaweka vipande vyote vya mbele. Vya nyuma nani anaviona?

Baada ya wiki mbili, kijani kibichi. Nikampigia Neema nikisubiri asante.

Akauliza polepole, "Kaka, umeweka vipande vipi?"

Nikamwambia. Simu ikakatika.

Kesho yake yuko Nanyala. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa kwenye tuta akanieleza: vipande haviwezi kulinganishwa tena, msimu umekufa. Ufadhili umebaki msimu mmoja tu. Ana mwaka wa saba kwenye hiyo PhD, msimamizi wake anadai makala, asipomaliza ajira yake chuoni imekwisha. Harusi imeahirishwa mara mbili.

Mimi nilijua wasomi wanakula kiyoyozi tu. Huyu mkoba wake umefungwa kwa waya.

Nikampa akili ya mjini. Aandike tu kwamba vyenye unga vilikuwa kijani, nani atakuja Nanyala kuhakiki?

"Kaka, wewe unaweza kuuza pumba ukasema ni mahindi?"

Nilishawahi, wakuu. Ila pale hapakuwa mahali pa kusema.

Akaomba upande wa pili wa shamba kwa msimu uliofuata, nao uko barabarani vilevile. Nikakubali.

Msimu ule nililinda unjano kama wenzangu wanavyolinda ng'ombe. Baba Tumaini kwa huruma akaleta toroli la samadi, nikamrudisha nalo. Uvumi ukazagaa nimefilisika. Wateja wangu Wazambia wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Mavuno yakafika, tukapima kipande kwa kipande. Yeye anaandika, mimi jasho linanitoka kuliko siku ya kununua Fuso. Alipomaliza hesabu nikamuuliza, unga unafanya kazi?

"Haufanyi, kaka. Hakuna tofauti yoyote."

Akacheka mpaka machozi. Nikadhani ndiyo amechanganyikiwa. Kumbe jibu la hapana nalo ni jibu, mradi halijachezewa.

Makala yake ilikataliwa mara tatu, maana hata wasomi wanapenda habari njema. Ya nne ikapita, PhD akapewa, harusi nikala.

Nilichojifunza: ukimpa mwanasayansi shamba, tafadhali usimsaidie. Na dharau zangu kwa wasomi nilizipunguza. Kidogo.

Nyie wa maabara humu ndani, semeni ukweli: mlishawahi kukutana na mfadhili kama mimi? Matusi yaje taratibu.